Maji ya Mama Mizani

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mizani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa tatu wa sonara. Wasifu huu umeandikwa na binti yake wa pekee, na ndani yake mna jambo analotaka kuliungama kabla moto wa kuuchoma mwili haujawashwa: alimdanganya mama yake aliyekuwa anakata roho.

Alisoma hadi darasa la nane, akaacha baba yake alipougua macho. Mwaka 1966 aliajiriwa katika duka la dawa, akapima dawa za maji kwa miaka thelathini na mmoja. Hakukubali tone lizidi wala lipungue, hata mwenye duka akinuna.

Tarehe 22 Novemba 1969 aliolewa na fundi saa. Kwa desturi ya Wahindu, ncha ya sari yake ilifungwa kwenye shuka la bwana harusi, wakauzunguka moto mtakatifu. Mzunguko wa tatu bwana harusi alijikwaa, akaenda chini kama gunia. Bibi harusi akamnong'oneza, "Inuka, bwana. Tumefungwa pamoja, ukilala tunalala wote."

Mama mkwe alimpa kichupa cha shaba chenye maji ya Mto Ganga. Wahindu huamini kwamba matone machache kinywani mwa anayekufa, pamoja na jani la mrehani mtakatifu, huisaidia roho kuondoka ikiwa safi. Kichupa kilikaa kwenye madhabahu ya nyumbani, kando ya taa aliyoiwasha kila asubuhi. Mumewe alipofariki mwaka 1998, alinyweshwa maji hayo. Siku ile marehemu alimwambia binti, "Yangu yapo. Ukisahau yote, hayo usisahau."

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2021. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, pumzi zilipokuwa zikipungua, binti alikimbilia kichupa. Kilikuwa kikavu. Alikitikisa, akakipindua, hola. Akakijaza maji ya bomba huku machozi yanamtoka, akachuma jani la mrehani uliopandwa mlangoni.

"Mama, fungua kinywa. Maji ya Ganga haya."

Marehemu alimtazama kitambo, kisha akameza. "Yametosha, mwanangu. Usilie." Saa moja kasorobo akafariki.

Jana jioni mshonaji wa mlango wa pili alikuja kumpa pole, binti akashindwa kujizuia, akamweleza yote. Mshonaji akamwuliza:

"Kwani hukujua? Mama yangu alipokuwa anakufa Disemba, mama yako ndiye aliyekuja na kichupa. Akakikung'uta mpaka tone la mwisho. Nikamwuliza, 'Na wewe je?' Akasema, 'Mimi nina binti.'"

Basi marehemu alijua kwamba kichupani hamkuwa na maji ya Ganga. Alijua, na akayapokea ya bomba kinywani kutoka mkononi mwa mwanawe, akasema yametosha.

Ameacha binti, mkwe, wajukuu wawili na dada yake mdogo. Mama, nenda salama. Roho yako iione amani.