Ukurasa wa Pili wa Barua ya Nahodha

Wapendwa mliokuja kutushika mkono, mimi ndiye niliyezaliwa baada ya marehemu, na nimeomba mwenyewe kuisoma historia hii, ingawa shangazi alitaka asome mtu mwenye macho mazima, na mkisikia nimekwama mahali, msiseme ni uzee, ni aibu.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 3 Juni 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa baba yetu fundi bomba na mama yetu mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1956 hadi 1963, kisha shule ya ufundi hadi 1967, akiongoza darasa katika kila somo isipokuwa kuimba, maana sauti yake, Mungu amrehemu, ilikuwa ya kufukuza kunguru.

Tarehe 8 Januari 1968 alijiunga na jeshi la majini, akapangwa chumba cha mashine kwenye manowari, na vita vilipoanza mwaka 1970 Baba alitembea mtaani kifua mbele, akimsimamisha kila mtu amweleze habari za mwanawe, hata muuza magazeti ambaye ndiye aliyezileta hizo habari.

Asubuhi ya tarehe 19 Novemba 1970 meli ile ilipigwa ubavuni, maji yakaingia kwa kasi, na kwenye manowari amri ni moja, aliye karibu na mlango wa chuma huufunga na kukaza makomeo yote, wala haufunguliwi mpaka ofisa aseme, hata kama kuna mtu upande wa pili. Aliyekuwa karibu ni kaka, na upande wa pili walikuwepo wenzake watatu.

Nahodha alimwandikia Baba barua ya kurasa mbili, ikafika Februari 1971, wiki mbili kabla ya kaka kurudi, na kwa kuwa Baba hakujua kusoma, msomaji wa nyumba nilikuwa mimi, nina miaka kumi na minane, nikasoma ukurasa wa kwanza, unaosema kwamba kaka aliufunga mlango wenzake wakiwa ndani, na hapo Baba akainuka, akasema yeye hakuzaa mtoto wa kuwafungia wenzake wafe, akatoka. Ukurasa wa pili ulisema aliufunga kwa amri, kwamba wale watatu wasingeokoka kwa vyovyote, kwamba kwa mlango ule watu mia moja na arobaini walirudi makwao, na kwamba mzazi wake ana kila sababu ya kujivunia. Sikumwita Baba arudi asikie. Tena nisifiche mbele ya jeneza, niliukunja ukurasa ule nikauweka chini ya godoro langu, kwa sababu tangu utoto nilikuwa nikipimwa kwa kaka na kupungua, na siku ile, kwa mara ya kwanza, mtoto mwema nilikuwa mimi.

Kaka alirudi tarehe 2 Machi 1971 na begi la turubai begani, Mama akamkumbatia mlangoni, Baba akampa mgongo akaendelea kupaka spana zake mafuta, na ikawa hivyo miaka minane, wakila meza moja bila Baba kumtazama usoni, mpaka Baba alipofariki Agosti 1979, nami nilikuwepo kwenye milo yote, nikipitisha chumvi.

Tangu Julai 1971 hadi alipostaafu mwaka 2009 aliendesha mitambo ya kusukuma maji ya mji, na tarehe 12 Aprili 1975 alimwoa shemeji yetu, muuguzi, anayesema alimkubali kwa kuwa ndiye mwanamume pekee aliyemsikiliza bila kumkatiza, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu saba.

Februari 2019 figo zilianza kumsumbua, na tarehe 5 Oktoba nilimpelekea wodini ukurasa wenyewe, wala hakuomba miwani, akasema anaujua, nahodha alimsomea kabla ya kuutia kwenye bahasha, na kwamba hakunisemea kwa Baba kwa sababu angenifukuza, na mama mmoja hawezi kupoteza watoto wawili. Nikamwomba msamaha. Akasema yeye alishanisamehe zamani, lakini mwenye haki ya kusikia maneno yale alikuwa Baba, na kwa niaba ya Baba hana la kunijibu, kisha akaomba nimsogezee mto. Alifariki tarehe 11 Oktoba, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wafanyakazi wenzake wa mitambo ya maji, na wazee wanne waliosimama pale nyuma, mabaharia wa meli ile, waliosafiri siku nzima kuja kumzika mtu ambaye sisi tulimwonea haya.

Kaka, Baba hakusikia, lakini hawa wote wamesikia, na wamesikia kwa mdomo ulionyamaza. Pumzika sasa kwa amani, ile niliyokunyima nyumbani kwetu.