Mzee Tone na Jiwe la Kijani Lisilotoa Povu

Ifikapo tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa maabara yetu ya madini atakuwa ametimiza miaka thelathini na saba na miezi minne kazini, naye atastaafu. Aliajiriwa kuosha chupa. Anaondoka akiwa mtu pekee katika jengo hili aliyewahi kutambulisha madini mapya duniani. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa tumetumia meza moja miaka ishirini na sita. Yeye mwenyewe ameomba uwe mfupi. Amechoka, wala hafichi.

Wengi mnamjua kwa jina la Mzee Tone. Wageni hudhani ni kwa sababu ya umbo lake dogo. Sivyo. Ni kwa sababu hawezi kulipita jiwe bila kulidondoshea tone la asidi. Amezidondoshea kokoto za bustani na ngazi za mlango mkuu. Siku moja alikidondoshea kile kijiwe cha kukandamizia karatasi cha karani wa masjala, ambacho karani alikuwa akituambia ni kito alichorithi kwa babu yake. Kikafoka povu kama sabuni. Kilikuwa kipande cha marumaru ya kawaida tu, ndugu ya sakafu ya benki. Karani alimnunia wiki mbili, na kovu la kijiwe lipo hadi leo.

Tabia hiyo ina chanzo chake, na si cha kuchekesha. Ameniagiza nikieleze bila kukipaka asali.

Katika mwaka wake wa tatu kazini alipewa sampuli sitini na mbili kutoka kwenye lundo la mabaki ya mgodi wa zamani wa shaba. Wenye mgodi walitaka kujua kama lundo lina madhara. Mojawapo ilikuwa gamba jembamba la rangi ya kijani iliyokaribia buluu. Chupa ya asidi ilikuwa tupu tangu Jumatatu, mtunza ghala yuko likizo, na mkuu wa idara anaulizia ripoti kila baada ya chai. Kijani, laini, limetoka kwenye mgodi wa shaba: nini tena kama si malakaiti, yale madini ya kawaida ya shaba? Akaandika "malakaiti" kwenye lebo, akashika sampuli iliyofuata. Malakaiti haina ugomvi na mtu. Ripoti ikatoka, lundo likaachwa lilivyo, na mteremkoni chini yake kulikuwa na kisima.

Miaka minne baadaye alikuja muuguzi wa zahanati ya jirani na mgodi ule, amebeba mawe kwenye mfuko wa sukari. Alikuwa na mgonjwa, mke wa mlinzi wa mgodi, ambaye viganja vyake vilikuwa vigumu na vyenye vinundu kama mahindi makavu. Wengine watatu walianza kuonyesha dalili hizo hizo, na wote walichota maji kisima kimoja.

"Kaka, mimi mawe siyajui," muuguzi alisema. "Niambie tu kama humu kuna kitu cha kumfanya mtu hivyo."

Mawe yale yalikuwa na gamba lile lile la kijani. Mzee Tone alilifungua kabati, akaitoa sampuli yake ya zamani, akaidondoshea asidi. Malakaiti ingetoa povu. Hii iliyeyuka kimya kimya, na tone likageuka kijani. Akachukua punje, akaiunguza juu ya mkaa ndani ya kabati la kuvuta moshi, ikatoka harufu hafifu ya kitunguu saumu. Kila fundi wa madini anajua maana yake: ni aseniki, sumu. Jiwe lile lilikuwa la jamii ya asenati, yaani madini ambamo aseniki imeshikana na oksijeni. Tena lilikuwa laini na jepesi kuyeyuka, kila mvua ikaondoka nalo kidogo kuelekea kisimani.

Alikwenda kwa mkuu wa idara wa wakati ule. Mkuu aliitazama lebo.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu, mzee."

"Basi andika lebo nyingine, ubandike juu ya hiyo. Yaishe."

Yangeweza kuishia hapo. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani na miaka saba tu kazini. Lakini aliniambia kwamba alipotoka ofisini alimkuta muuguzi bado amekaa kwenye benchi la ukumbini, mfuko wa sukari mapajani, akashindwa kumpita. Jioni ile ile aliandika barua ya ukurasa mmoja kwa idara ya maji, nakala kwa wenye mgodi na kwa mkuu, akaanza na maneno haya: "Kosa ni langu." Akatia sahihi jina lake kamili.

Malipo yake yalikuwa kuhamishiwa ghalani kuhesabu masanduku, miezi kumi na mmoja. Kisima kilifungwa mwezi wa kumi na nne tangu barua ile ya kwanza, baada ya barua sita na safari zisizo na idadi, na bomba likavutwa kutoka upande wa pili wa kilima. Wale watatu walipata nafuu. Mikono ya mke wa mlinzi ililainika kiasi, haikurudi kama zamani. Mzee Tone huwa hapendi sehemu hii isimuliwe kama ushindi. Miezi kumi na minne watu waliendelea kunywa, husema, na kabla ya hapo miaka minne.

Aliporudi maabara alikuwa na swali moja: hili ni asenati gani? Halikufanana na yoyote kwenye vitabu vyetu. Ukucha haukulikwaruza, sarafu ya shaba ililikwaruza. Likisuguliwa kwenye kigae kisichong'arishwa liliacha unga wa kijani kibichi. Fuwele zake zilikuwa vibapa vyembamba kuliko unywele, vimepangana kama kurasa. Ndani yake kulikuwa na shaba, kalisi, aseniki na oksijeni, lakini kila alipojumlisha alipata sehemu tisini na moja kati ya mia. Tisa zilikuwa wapi? Kamati ya kimataifa inayoidhinisha majina ya madini ilimrudishia maombi mara mbili, kila mara kwa sentensi mbili zenye adabu.

Zilizopotea zilikuwa maji. Jiwe hili limefunga maji katikati ya zile kurasa zake, nalo huyaachia likikaa mahali pakavu. Sisi tulilihifadhi kwenye kabati lililopakana na tanuri. Lilipauka, likapasuka, likageuka kitu kingine kabla hajamaliza kulipima, hivyo kwa miaka mitatu alikuwa akipima madini mawili akidhani ni moja. Siku alipogundua hilo hakushangilia. Alikaa kwenye kiti, akavua miwani, akaniambia, "Dada, tuanze upya." Mimi nilikuwa mgeni hapo, nina miezi mitano. Nililia chooni.

Tulianza upya. Sampuli mpya zilikaa ndani ya mitungi iliyofungwa, na pamba yenye unyevu. Tulipiga eksirei upya, tukapima upya, tukaandika upya. Safari hii hesabu ilifika mia kasoro kidogo. Maombi ya tatu yalikubaliwa, na jiwe likapewa nafasi yake miongoni mwa asenati zenye maji, katika kifungu chake lenyewe, halina ndugu wa karibu. Tulitaka liitwe kwa jina la Mzee. Alikataa, akalipa jina la kile kisima. Ni jina refu ambalo wachapaji wa jarida hili wamelikosea mara mbili, basi safari hii tunaliacha lipumzike nalo.

Mwaka uliofuata mke wa mlinzi alikuja kututembelea, akiwa bibi wa wajukuu sasa. Aliomba alione. Mzee Tone aliuweka mtungi chini ya lenzi, akamsogezea kiti. Mama yule alitazama, mikono yake migumu imeshika ukingo wa meza.

"Mwanangu," alisema, "kumbe ni kazuri hivi."

 Baadaye Mzee Tone aliniambia afadhali mama angemtukana.

Kuna mengine ya kusema: mafundi ishirini na wanne aliowafundisha, uamuzi wake wa kuwapima wafanyakazi wote afya kila mwaka, na mke wake, mwalimu wa chekechea, anayelalamika kwamba mumewe hunawa mikono mara tatu kabla ya kumpakata mjukuu. Magoti yake hayapendi tena ngazi zetu. Macho yake yameshiba lenzi.

Utawala ulimwomba aandike taarifa ya makabidhiano. Aliandika kurasa kumi na moja. Ukurasa wa mwisho una namba za sampuli mia mbili na kumi na nne alizoziwekea lebo katika miaka yake mitatu ya kwanza na ambazo hakuwahi kupata nafasi ya kuzipima tena. Chini yake kuna mstari mmoja: "Samahani. Hizi sikuzifikia, nimechoka."

Mzee, hatukukuambia. Kila siku ukishatoka, tumekuwa tukibaki saa moja. Hadi jarida hili linakwenda mitamboni tumepima thelathini na moja. Ishirini na tisa uliziandika sawasawa. Mbili ulikosea, na hazina madhara kwa mtu yeyote. Barua za masahihisho zimeshapelekwa kwa wenye sampuli.

Asante kwa kazi yote hii ndefu. Tunakuombea asubuhi zisizo na haraka, chai isiyopoa mezani, na afya njema wewe na mama. Zilizobaki mia na themanini na tatu ni zetu. Kapumzike.