Blanketi la Ushindi

Tangu basi litoke Kitale, Nanyama alikuwa amesimuliwa ushindi wa 1934 mara nne, na safari ya Bungoma ndiyo kwanza mbichi. Mzee Mukhisa, jirani yake kitini, alijifunika blanketi alilozawadiwa kwa ushindi huo. Lilikuwa limebaki matundu na sifa tu. Nyuma yao, vijana wa Myanga waliimba wakipakata kikombe walichoshinda jana kwa kuvuta kamba.

"Hawa wanavuta kamba ama wanaanika nguo?" mzee akauliza. "Sisi tulivuta, bana, mpaka DC akaangusha kiko!"

"Kumbe DC ndiye alishindwa," Nanyama akasema. "Maskini."

Mara basi likazama matopeni, likagoma. Dereva akatoa kamba. "Wanaume wote, chini! Tulivute!"

Vijana wa Myanga wakaacha kikombe kitini, wakaruka nje. Abiria waliobaki wakamgeukia mzee.

Nanyama akanyoosha mkono. "Lete blanketi nikushikie, baba. Leo na mimi nione."

Mukhisa akalivuta blanketi hadi kidevuni. Siku hiyo hakuvuta kingine.

"Mama," akanong'ona, "si kila timu ilikuwa na mtu wa kupiga filimbi?"