Bakuli la Mama Wankyo Linatafuta Mikono

Bwana Yesu asifiwe, watumishi wenzangu. Habari za kazi, na za nyumbani? Wale mlioshikwa na mafua wiki iliyopita, mmepona? Sisi wa chumba cha kufulia tu wazima, tunamshukuru Mungu.

Nimeombwa niandike habari za Mama Wankyo Magesa, mpishi wetu, anayestaafu tarehe 30 mwezi huu baada ya miaka thelathini na moja katika kituo chetu cha afya hapa Musoma. Mimi si mwandishi, ila nimefua jirani na jiko lake muda mrefu, na moshi wake naujua.

Mama Wankyo alizaliwa Butiama. Shule aliishia darasa la sita, mwaka ambao wezi walivunja zizi la baba yake, wakaswaga ng'ombe wote. Baadaye akaolewa Kiriba, kisha akaajiriwa hapa kuwapikia wafanyakazi chai na chakula cha mchana. Kazi yake ni hiyo tu. Wagonjwa hupikiwa na ndugu zao kule uani, kwenye mafiga.

Lakini yupo mgonjwa asiye na ndugu. Huyo Mama Wankyo alianza kumpa chakula chake mwenyewe. Walipozidi, akatafuta bakuli la bati, akawa anapita nalo kwenye mafiga ugali unapoiva. "Kata kwanza la asiye na mtu, ndipo ule," ndivyo anavyosemaga. Anayekata kidogo huulizwa mbele za watu, "Shemeji, hilo umemkatia kuku?" Siku hizi wengi wanakata kabla hajafika.

Kukosea naye amekosea. Mzee Kwangu wa Bunda, mgonjwa aliyekuwa hana mtu, alimaliza mchuzi wote aliomwekea, akauliza, "Mama, samaki gani huyu, mtamu hivi?"

"Mumi, baba."

Mzee akashika kichwa. "Mimi Msabato! Asiye na magamba silagi!"

"Nisamehe, baba. Lakini bakuli umelilamba."

Wodi nzima ilicheka, hata mzee mwenyewe. Tangu hapo Mama Wankyo huuliza dhehebu kabla ya kuuliza ugonjwa.

Mwaka juzi aliletwa mzee mwingine, ana kisukari na kidonda mguuni, hana mtu. Jina nalihifadhi. Mama alipoinama kumwekea ugali, wakatambuana. Ndiye aliyefungwa jela kwa wizi wa wale ng'ombe wa Butiama. Mzee akasukuma sahani. "Umeniwekea nini humo, binti Magesa?"

Siku hiyo hakula, wala kesho yake. Muuguzi Flora akasema dawa bila chakula zitamwangusha, tutamzika tukimwangalia. Mama Wankyo akaja kwangu kwenye mashuka, akalia. Akaniambia wazi, "Jenipher, nikimtazama simpendi. Naona ng'ombe tu."

Kisha akanawa uso, akarudi wodini, akaketi ukingoni mwa kitanda. Akamega tonge kwenye sahani ileile, akala yeye kwanza, kama tunavyofanyaga mgeni akitushuku.

"Haya, nimekula. Na wewe kula."

Mzee akala. Waliendelea kula sahani moja mpaka aliporuhusiwa. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni na gongo lake. Mama akamwambia, "Nenda, baba. Dawa usiache."

Mimi zamani nilidhani upendo wa Kristo ni moyo kujaa furaha ukimwona mwenzako. Kumbe unaweza kuwa tonge linaloshuka kooni kwa shida, ukalimeza ili mwenzako apone. Bwana wetu naye hakungoja tupendeke ndipo atupende.

Mama Wankyo, asante. Umetulisha, umetugombeza, umetufundisha bila kushika kipaza sauti. Nenda Kiriba ukalime muhogo wako, Mungu akupe magoti yenye nguvu na usingizi mtamu. Maisha yako ya mbele yawe mema, na safari hii wewe ndiye upakuliwe.

Wenzangu, bakuli ameniachia. Liko kwenye rafu yangu ya sabuni. Mimi mchana nakuwaga kwenye mashuka, na wodini wamo wawili wasio na mtu. Jumatatu mama hatakuwepo, nao watasikia njaa. Nani atapita nalo kwenye mafiga? Naomba mnijibu mapema, kabla ya Jumatatu.

Ni mimi dada yenu,
Jenipher Ngolo, chumba cha kufulia