Maurice Beardmore na Kompyuta Iliyoingia Mfukoni

Marehemu Maurice Hallam Beardmore alizaliwa tarehe 9 Novemba 1948 mjini Burslem, Staffordshire, kifungua mimba wa Mzee Arnold, aliyechoma vyombo vya udongo kiwandani, na Bi Edna, aliyepaka maua kwenye vikombe. Maneno haya yanasomwa na Noreen, dada yake wa pekee.

Alisoma shule za Burslem, kisha akapata nafasi Chuo Kikuu cha Manchester, alikohitimu shahada ya elektroniki mwaka 1970. Siku ya mahafali baba alimvuta pembeni.

“Mwanangu, hizo elektroni zinaonekana kwa macho?”

“Hazionekani, Baba.”

“Basi usiwaambie watu wa mtaani. Watadhani umefukuzwa chuo.”

Mwaka 1979, Leonard Osgood, rafiki yake wa chuoni, alimwita Acton, London, waanzishe kampuni kwenye vyumba viwili juu ya duka la mazulia. Osgood alikuwa na ulimi wa kuuza, Maurice subira ya kuunda. Majira ya kuchipua ya 1984 walitoa kompyuta iliyoenea kwenye mfuko wa koti na kutumia betri ndogo za dukani. Waliocheka walicheka. Lakini wauguzi waliinunua, makarani wa maghala wakaifuata, na vyumba viwili vikazaa kiwanda. Vibonye vilikuwa kazi ya Maurice. Alishikilia kwamba kidole lazima kijue kimebonyeza, hata mtu akiwa anatazama pengine.

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na Hilary Tunnicliffe, mwalimu wa muziki, katika kanisa moja la Ealing. Walijaliwa binti mmoja, Judith. Jumapili moja mezani, Maurice aliidondosha kompyuta ya majaribio ndani ya bakuli la mchuzi. Mama mkwe, Bi Dorothy, akaendelea kukata nyama.

“Angalau leo imekula. Itafanya kazi?”

“Itafanya, Mama.”

“Tutaona. Mume wangu naye hula vizuri.”

Maurice aliiosha, akaianika kwenye kabati la nguo siku kadhaa, ikawaka. Bi Dorothy aliwasimulia majirani mpaka anaingia kaburini.

Kisha zikaja simu za mkononi. Maurice aliliona wimbi hilo mapema, akachora kompyuta yenye simu ndani yake, ila mbia aliyeahidi mtaji alijitoa. Tarehe 11 Julai 2001 bodi iliamua kuacha kutengeneza kompyuta za mfukoni. Osgood alitia saini.

“Nisingesaini, Maurice, tungezama wote.”

“Sawa. Shuka basi kiwandani ukawaambie mwenyewe.”

Osgood hakushuka. Alimtuma mtu wa ofisi ya wafanyakazi, na Maurice, asiyeweza kuwaacha wenzake wasikie kwa mgeni, akamtangulia. Alisimama katikati ya meza za kuunganishia vifaa, akawaambia mwenyewe. Mama mmoja wa kiwandani, aliyekuwa naye tangu mwanzo, akamletea kiti. Tangu siku hiyo Maurice na Osgood hawakusemezana. Maurice alifundisha katika chuo cha ufundi huko Hounslow hadi 2013, na jina la rafiki yake halikutajwa nyumbani.

Mwaka 2016 vijiko vilianza kumponyoka. Madaktari wakasema ni ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, usio na dawa. Sauti ilipopotea mwaka 2018, alitoa kabatini mojawapo ya kompyuta zake za zamani, akawa anaongea kwa vidole na Hilary akisoma kwa sauti.

Februari 2019 Osgood alibisha hodi, kofia imelowa mvua. Maurice aliandika taratibu. Hilary akasoma: “Umechelewa, Leonard. Kaa, chai inapoa.”

Mzee yule alilia kama mtoto. “Ilinipasa kushuka ngazi siku ile. Niliogopa nyuso zao.”

“Hata mimi niliziogopa,” Maurice akaandika. Kisha akaongeza: “Sukari iko karibu nawe.”

Tangu hapo Osgood alikuja kila Jumapili. Wakati huohuo Imogen Sayle, mhandisi kijana, alikuwa akiunda na wenzake kompyuta mpya ya mfukoni, yenye vibonye, na simu ndani. Maurice aliwapa michoro yake yote, akawa anavijaribu vibonye walivyomletea mpaka vidole vilipokataa. Imogen alimuuliza kama wangeipa jina lake.

“Jina sitaki,” aliandika. “Wekeni betri inayodumu.”

Alifariki Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 2019, asubuhi, nyumbani, Hilary akiwa amemshika mkono. Jumatatu iliyofuata boksi lilifika: kompyuta ya kwanza kutoka kwa Imogen. Judith akauliza, “Mama, tulifungue?”

“Liache, mwanangu,” Hilary akasema. “Tumzike kwanza mwenyewe.”

Boksi bado lipo mezani.

Marehemu ameacha mjane, Hilary, binti, Judith, na mumewe Owen, wajukuu wawili, Freya na Tobias, dada, Noreen, na rafiki, Leonard, aliyeomba kuwa miongoni mwa watakaolibeba jeneza leo.

Mikono yake ipate pumziko, na roho yake ikae kwa amani.