Injini Niliyoizushia Kifo

Sogezeni viti, wanangu, mkae pale ninapowaona wote wawili, na msinikate kauli, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kuhesabu na maneno bado mengi. Nyumba ni ya mama yenu. Gereji na vifaa vyake ni vya mziwanda wangu. Hayo hayana mjadala. Mjadala ni lile gari jeupe lililokaa juu ya mawe uani, ambalo mmeligombania wiki nzima hapo dirishani mkidhani nimelala.

Wewe mziwanda unataka ulikate mgongo uligeuze pikapu, uliwekee dizeli ya basi dogo. Dizeli ile ni nzito, italaza springi za mbele, na giaboksi yake haiingii mpaka ukate sakafu. Na paa ndilo linaloushika mwili wote, ukiliondoa, mwezi hauishi milango itagoma kufunga. Dada yako anataka bodi ibaki ilivyo, aweke injini ndogo ya petroli. Hiyo ni nyepesi, lakini usipoihamisha na kompyuta yake na nyaya zake zote, haiwaki ng'o. Maneno haya mmeyasikia kwangu miaka nenda miaka rudi. Kila injini mliyoitaja, kasoro yake nilikuwa nayo mfukoni, na kila kasoro ilikuwa ya kweli, ndiyo maana hamkunishtukia.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka ishirini na sita.

Binti yangu, gari lile lilikuwa la marehemu baba yako, mpima ardhi, mtu mrefu, aliyekuacha hujaanza kutambaa. Lilimchemkia mama yako njiani, akaniletea likivutwa kwa kamba, na mimi nikampenda pale pale mikono imejaa grisi. Mwaka haukuisha tukaoana, gari bado liko gereji. Nilipofungua injini nilikuta gasketi ya silinda hedi imeungua, basi. Kazi ya siku moja! Lakini siku ile nilikaa kwenye kiti cha dereva, na miguu yangu hii mifupi haikuifikia klachi, kwa kuwa marehemu alikisukuma kiti nyuma hadi mwisho wa reli, nikataka kukivuta mbele, mama yako akasema, "Kiache hivyo hivyo, tafadhali." Alisema kwa upole. Afadhali angenitukana.

Nilimwonea wivu maiti, wanangu. Mnacheka? Chekeni. Mtu aliye hai utashindana naye, atakoroma, atanuna, atazeeka, lakini marehemu hakosei. Basi nikachukua bloku ya injini ya gari jingine, iliyopasuka, nikaiosha kwa mafuta ya taa ili ufa uonekane vizuri, nikamwonyesha mama yenu: injini imekufa. Akaupitishia kidole ufa ule, akalia. Kukililia chuma, jamani! Nikazidi kuungua.

Na wewe binti nikakulea, nikakubeba mgongoni na homa zako, nikakufundisha kushika spana kabla ya kalamu, na bado kile kibovu uani ukakiita "gari la baba", na mimi ukaniita "Fundi", kama mteja. Kosa si lako, ndivyo mama yako alivyokuwa akiniita ulipoanza kusema. Lakini liliniuma, kila siku liliniuma, nikaapa moyoni kwamba gari lile halitawaka mimi ningali hai.

Mficha uchi hazai. Mama yenu nilimwambia jana; tangu jana ananiletea dawa bila kuniangalia usoni. Mwacheni, ana haki.

Injini haikufa. Lile sanduku la mbao mnalokalia gereji mkila chakula cha mchana, ng'oeni misumari, imo humo. Kila mlipokwenda kwa bibi yenu niliitoa, nikaipaka mafuta, nikaizungusha kwa mkono isigande. Nilishindwa kuirudisha, na kuiua nikashindwa pia.

Basi nasema hivi. Gari ni la binti yangu, halikuwahi kuwa langu la kugawa. Mziwanda, weka msumeno chini, umsaidie dada yako. Tieni gasketi mpya, kazeni bolti kuanzia katikati kwenda nje, si kwa pupa yako ile, kisha irudisheni injini mahali pake, itaingia bila kukata kitu. Siku yangu ikifika, nilazeni humo nyuma, mama yenu akae mbele, dada aendeshe. Tangu siku ile ya kiti nimekataa kulipanda. Siku hiyo sitakuwa na ubishi.

Na kile kiti... mtu asikivute mbele. Binti yangu ni mrefu. Kinamtosha.

Nipeni maji... Inatosha. Mungu awape mikono isiyotetemeka, na mioyo... mipana kuliko wangu. Ninyi ni tumbo moja. Msije... msije mkagawanyika kwa ajili ya baba wawili.

Usilie, binti. Eti umeniitaje? Hukusema Fundi. Rudia... masikio yangu leo mazito.

Hapana, nilisikia. Nilitaka tu... mara ya pili.