Mambo ya Maji ni ya Watu wa Jumanne

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mkurugenzi wa Kituo Daktari Okeyo, wakuu wa idara, watafiti wenzangu, madereva, wapishi na walinzi, ambao protokali huwaweka mwisho ingawa bila nyinyi hakuna mtafiti ambaye angefika shambani, wakulima mliotoka Keringet na Subukia, ndugu wageni waalikwa: habari za mchana.

Kabla sijaanza, naomba kiti kimoja. Mama Jepchumba kutoka Keringet ni mgeni wangu, na aliyepanga viti alimweka nje ya hema, juani. Mama, ingia ukae hapa mbele. Kuna kiti cha mkubwa mmoja ambaye hakuja. Asante.

Mkurugenzi amenisifu sana. Amesema kwamba katika Bonde la Ufa lote hakuna anayeijua mimea kama Naliaka, na kwamba ukinipa jani lililokauka nitakutajia jina lake, ukoo wake na mahali lilipochumwa. Ni kweli. Kwa miaka thelathini na mmoja nimelipwa mshahara kwa kujua majina. Leo ninastaafu, na nimeombwa nizungumzie mafanikio yangu. Nitazungumzia shamba moja.

Mliopita langoni asubuhi mmeliona bango letu: Tunalitazama Shamba Zima. Liliwekwa miaka kumi na miwili iliyopita, wafadhili walipolipenda neno mfumo, nasi tukalipenda kwa kuwa wao walilipenda. Tulifundishwa wiki nzima katika hoteli moja kule Naivasha kwamba mmea hauishi peke yake. Kwamba udongo, maji, wadudu, mvua na mkono wa mkulima vimeshikana, na ukigusa huku, kule kunatikisika. Tulipiga makofi, tukapewa vyeti. Kisha tulirudi hapa, na kila mmoja akafunga mlango wa idara yake.

Wageni wetu, niwaeleze tunavyofanya kazi. Kituo kina idara nne: Mbegu, Udongo na Maji, Wadudu, na yangu, Mimea ya Asili. Kina gari moja la kwenda mashambani, lenye viti saba. Ili tusigombanie gari, kila idara ilipewa siku yake. Mbegu Jumatatu, Udongo na Maji Jumanne, Wadudu Jumatano, Mimea Alhamisi. Ijumaa gari linaoshwa. Katika miaka yangu yote hapa, sijawahi kuliona gari lile likitoka langoni na watu wa idara mbili ndani yake.

Miaka tisa iliyopita tulichagua shamba la mfano kule Keringet, la Mzee Kigen, mume wa Mama Jepchumba. Lilikuwa shamba la mteremko, na chini yake kulikuwa na mashamba ya majirani kumi na mmoja, hadi kijitoni. Katikati ya mteremko na kwenye mipaka kulikuwa na mikanda ya nyasi ndefu na vichaka ambavyo babake Kigen aliviacha makusudi. Mwaka mmoja walipanda viazi, mwaka unaofuata ng'ombe walilishwa hapo. Walikuwa wakila vizuri na kusomesha watoto.

Tukaja na elimu yetu. Watu wa Jumatatu walileta mbegu inayokomaa haraka, wakasema viazi vipandwe kila msimu, shamba lisikae bure. Watu wa Jumanne walichora mtaro ulionyooka kutoka juu hadi chini, ili maji yasituame. Wa Jumatano, ambao pia hushughulikia wanyama waharibifu, walisema mikanda ya nyasi ing'olewe, maana fuko wanajificha humo. Nami nilikwenda Alhamisi kuzikagua nyasi hizo. Nilihesabu aina arobaini na moja za mimea, nikaandika kwamba hakuna hata moja iliyo adimu, zote zinaweza kuondolewa. Kila neno nililoandika lilikuwa kweli. Fomu iliuliza kuna mimea gani. Haikuuliza mimea hiyo inafanya kazi gani pale ilipo, na mimi sikujiuliza.

Mama Jepchumba alitupikia chai siku zote nne, wiki baada ya wiki. Ndiye binadamu pekee aliyewahi kutusikia sote. Alhamisi hiyo alinifuata hadi kwenye nyasi, nikiwa nimepiga magoti na daftari langu, akaniambia hivi: "Daktari, hizi nyasi ndio zinashikanga maji mvua ikikuja. Mkizitoa, hiyo maji itaenda wapi?"

Mnajua nilimjibu nini, mimi mwenye shahada tatu na cheti cha mfumo? Nilimwambia, "Mama, mambo ya maji ni ya watu wa Jumanne."

Akataka kujua kama huku ofisini huwa hatuonani. Nilicheka. Nilidhani ananitania. Niliporudi hapa nilitia sahihi, na wiki iliyofuata nyasi ziling'olewa.

Msimu wa tatu, viazi vichache kwenye kona ya juu vilianza kunyauka vikiwa bado kijani. Ulikuwa mnyauko, ugonjwa unaokaa udongoni na kusafiri na maji. Zamani mwaka wa malisho ungeupunguza nguvu, na nyasi zingeuzuia udongo usishuke. Sasa hapakuwa na mapumziko, hapakuwa na nyasi, na palikuwa na mtaro mzuri sana, ulionyooka. Mvua ya wiki mbili ilimaliza kazi. Wakati wa kuvuna ulipofika, mashamba kumi na mawili yalikuwa yakinuka viazi vilivyooza, na majirani kumi na mmoja wakaacha kumsalimia Mama Jepchumba, kwa sababu maji yalitoka kwake.

Sisi tuliandika ripoti. Mbegu waliandika kwamba mbegu ilitoka ghalani ikiwa safi. Udongo na Maji waliandika kwamba mtaro ulichimbwa kwa vipimo sahihi. Wadudu waliandika kwamba fuko wamepungua. Mimi niliandika kwamba hakuna mmea adimu uliopotea. Ripoti nne, zote za kweli! Ndugu wageni waalikwa, mmewahi kuona wasomi wakisema kweli namna hiyo?

Baadaye niliona aibu. Nilichora shamba lile lote kwenye karatasi moja, na mishale kutoka nyasi kwenda kwenye maji, kutoka maji kwenda kwenye ugonjwa, kutoka ugonjwa kwenda kwa jirani, nikaipeleka kwenye mkutano wa wakuu wa idara. Mkurugenzi wetu, Daktari Okeyo, aliitazama kwa adabu, akaniuliza kazi hiyo ni ya idara gani. Haikuwa ya idara yoyote. Nikakaa chini. Na nilikaa miaka sita.

Mzee Kigen ana miaka sitini na minne. Shamba halikumlisha tena, kwa hivyo sasa anapakia maua kule Naivasha, na alipanga chumba Kihoto, mtaa ulio kando ya ziwa. Ziwa lilipopanda alihama na godoro kichwani, kwa hivyo maji yamemfukuza mara mbili. Ya mara ya kwanza yalitoka kwetu. Hakuweza kuja leo, hakupewa ruhusa kazini. Mama, nimekuomba msamaha nyumbani kwako, jikoni, tukiwa wawili. Hapo ilikuwa rahisi. Leo nakuomba mbele ya watu hawa wote, na sikulazimishi ukubali.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo halimo kwenye ratiba. Faili hili nililoshika ni la Subukia. Ni mpango uleule, mbegu ileile, mtaro uleule, nyasi kung'olewa vilevile, ila safari hii ni mashamba mia tatu. Ukurasa wa mwisho una nafasi nne za sahihi, na tatu zimejaa. Nimeambiwa kwamba ingependeza nikitia yangu hapa jukwaani, nipigwe picha, iwe kazi yangu ya mwisho. Sitatia. Daktari Okeyo, samahani kwa kukuharibia picha.

Lakini tusijidanganye. Mimi ni mkuu wa idara hadi saa kumi na moja jioni. Kesho saa mbili asubuhi mkuu ni Mbugua, mwanafunzi wangu, yule pale mwenye tai ya buluu. Mbugua, usiangalie chini. Najua una mkopo wa nyumba na mtoto mchanga, na najua utaambiwa kwamba Mama Naliaka alikuwa amechoka, umri ulikuwa umemlemea. Huenda hata wewe utaamini. Nami nilikuwa na watoto shuleni nilipotia sahihi ya Keringet, na hakuna aliyenishikia kalamu.

Ukitaka, waombe wenzako watatu mpande gari moja, siku moja, mkasimame kwenye mteremko mmoja wa Subukia na kumsikiliza mwenye shamba. Usipotaka, tia sahihi. Ila hutaweza kusema hukuambiwa. Ndugu zangu, asanteni nyote kwa kunisikiliza, maana kuanzia sasa nyinyi ni mashahidi.